Kitenzi na Dhamana: Maadili ya Lugha katika Taarifa za Habari za Runinga Nchini Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwa mtazamaji wa Kenya, mbiu hiyo hulia saa moja jioni, wakati vituo vikuu vya runinga vinapopeperusha taarifa za habari kwa Kiswahili. Hata majina yaliyobuniwa kwa taarifa hizo ni ahadi. Darubini ya KBC iliahidi kuona mbali. Mbiu ya KTN iliahidi kutahadharisha. Nayo Nipashe ya Citizen ililiweka ombi la mtazamaji mwenyewe kuwa jina la kipindi. Mwananchi aliyetoka kazini, ambaye huenda hakusoma gazeti wala hakuingia mtandaoni, huketi mbele ya runinga akitarajia kuambiwa yaliyotokea, aliyeyatenda na aliyetendewa.

Mijadala kuhusu maadili ya uanahabari nchini aghalabu huelekezwa kwenye mambo matatu: picha za kutisha, wanahabari kupokea hongo, na mvutano baina ya vyombo vya habari na serikali. Mambo haya yana uzito wake. Hata hivyo, upo uwanja wa nne ambao wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana haki na wajibu wa kuuingia, nao ni lugha ya taarifa yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba katika utangazaji wa Kiswahili, uwajibikaji wa mwanahabari huanza kwenye kitenzi. Kitenzi ndicho humtaja mtenda au kumficha. Ndicho humhukumu mtu kabla ya mahakama au kumwachia haki yake. Picha huonyesha moshi, lakini ni sentensi ya mtangazaji inayomwambia mtazamaji iwapo nyumba iliungua au ilichomwa.

Kanuni zilizopo na pengo lake

Runinga ilianza nchini Kenya mwaka wa 1962. Kwa karibu miongo mitatu sauti ya runinga ilikuwa sauti ya serikali, hadi KTN ilipoanzishwa mwaka wa 1990 ikiwa kituo cha kwanza cha kibinafsi. Vituo vilipoongezeka, haja ya kuwa na kanuni za pamoja iliongezeka pia. Katiba ya mwaka wa 2010 inalinda uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33 na uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34. Kifungu hicho cha 33 kinaweka mipaka vilevile: uhuru huo hauhusishi propaganda za vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki.

Kwa upande wa taaluma, Sheria ya Baraza la Habari ya mwaka wa 2013 iliambatishiwa kanuni za maadili. Kanuni hizo zilizungumzia usahihi na haki, faragha, ulinzi wa watoto, waathiriwa wa makosa ya kingono, matumizi ya picha na majina, uangalifu kwa waliofiwa, na namna ya kuripoti migogoro ya kikabila na ya kidini. Ni orodha pana na yenye hekima. Lakini kanuni husema mwanahabari awe sahihi; hazisemi usahihi huo hujengwaje ndani ya sentensi ya Kiswahili. Hapo ndipo penye pengo. Isitoshe, taarifa nyingi za polisi, za wizara na za mahakama hutolewa kwa Kiingereza, na mwandishi wa taarifa ya Kiswahili hulazimika kuzitafsiri muda ukiwa umemwishia. Katika haraka hiyo, neno moja dogo linalobeba tahadhari, kama vile "inadaiwa", huweza kudondoka njiani, na tuhuma ikamfikia mtazamaji ikiwa imegeuka ukweli.

Viwango vitatu vya kumtaja mtenda

Kiswahili kimejaliwa utajiri wa minyambuliko. Utajiri huo humpa mtangazaji uwezo wa kueleza tukio lilelile kwa viwango mbalimbali vya uwajibikaji. Chukua mfano wa kubuni wa maandamano katika mji wowote ule:

(a) Polisi waliwapiga risasi waandamanaji watatu.
(b) Waandamanaji watatu walipigwa risasi.
(c) Waandamanaji watatu walifariki makabiliano yalipozuka.

Sentensi (a) imo katika kauli ya kutenda, na mtenda amekaa mahali pa wazi kabisa. Sentensi (b) imo katika kauli ya kutendwa. Mtenda ameondolewa, lakini kivuli chake kimebaki, kwa sababu kauli hii humruhusu msikilizaji kuuliza: na nani? Sentensi (c) ni ya namna nyingine kabisa. Kitenzi "fariki" si elekezi; hakina nafasi ya mtenda. Nayo makabiliano "yalizuka", kana kwamba ni mvua isiyo na mwenyewe. Swali la "na nani" haliwezi hata kuulizwa kwa sarufi ya sentensi hiyo.

Hali ni hiyohiyo kwa kauli ya kutendeka. Mali "iliharibika" au "iliharibiwa". Risasi "ilifyatuka" au "ilifyatuliwa". Mtu anaweza kusema kwamba mali iliharibiwa na wahuni. Hawezi kusema kwamba iliharibika na wahuni akaeleweka kuwa anawataja waliotenda. Tofauti ya silabi moja imewafutia wahuni hatia yao.

Hii haimaanishi kwamba mtangazaji mwadilifu ni yule anayetumia kauli ya kutenda kila mara. La hasha. Iwapo hakuna ushahidi kuhusu aliyefyatua risasi, sentensi (a) itakuwa kashfa, na sentensi (b) ndiyo ya kweli, hasa ikifuatwa na maelezo kwamba aliyefyatua hajabainika. Kanuni inayopendekezwa hapa ni nyepesi kuieleza japo ni ngumu kuitekeleza: kitenzi kisiseme zaidi ya kinachojulikana, wala kisiseme pungufu yake. Kumtaja mtenda asiyethibitishwa ni dhuluma kwa mtuhumiwa. Kumficha mtenda anayejulikana ni dhuluma kwa aliyetendewa.

Kitenzi cha jioni ya kwanza si lazima kiwe kitenzi cha milele. Mnamo tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, na baadhi yao wakauawa kwa risasi. Siku hiyo picha zilionyesha waliopigwa kuliko zilivyoonyesha waliopiga. Miezi kumi baadaye, Aprili 2025, kitengo cha BBC Africa Eye kilitoa filamu ya uchunguzi iliyochambua maelfu ya picha za siku hiyo, na kikasema kimewatambua baadhi ya maafisa wa usalama waliofyatua risasi. Mtu akubaliane na matokeo ya uchunguzi huo au asikubaliane nayo, funzo la lugha liko wazi. Kauli ya kutendwa ni deni. Mwanahabari anayesema "walipigwa risasi" amekiri kwamba kuna jina linalokosekana, na anadaiwa kurudi kulitafuta. Asemaye "walifariki" amejifutia deni hilo mapema.

"Jamii fulani": hekima au ukungu?

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ndizo mtihani mkubwa zaidi ambao lugha ya habari imewahi kukumbana nao nchini. Kwa mujibu wa Tume ya Waki, watu 1,133 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Tume hiyo ilielekeza kidole cha lawama kwa baadhi ya vituo vya redio vilivyotangaza kwa lugha za kiasili, kwa kupeperusha matamshi ya uchochezi. Kumbukumbu ya Rwanda haikuwa mbali. Kituo cha redio cha RTLM kiliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994, na waliohusika na kituo hicho walihukumiwa mwaka wa 2003 na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha. Neno lilitangulia, panga likafuata.

Wakihofia kuchochea moto, wanahabari wengi wa Kenya waliepuka kutaja makabila ya wahusika. Likazoeleka fungu la maneno "watu wa jamii fulani". Nia yake ilikuwa njema, na haifai kubezwa na mtu aliyeketi mahali salama. Kumtaja mtenda kwa kabila lake ni kuliweka kosa la watu kumi begani mwa watu milioni. Hata hivyo, fungu hilo lilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, halikumficha yeyote. Mtazamaji aliyesikia kwamba watu wa jamii fulani walishambuliwa katika mji fulani alijijazia jina mwenyewe, na aghalabu alijaza lile ambalo hofu yake ilimtuma kujaza. Pili, neno "jamii" lilibaki mahali pa mtenda. Kabila halikutajwa, lakini bado sentensi ilisema kwamba ni jamii iliyotenda, ilhali waliotenda walikuwa watu, wakiwa na viongozi, wafadhili na njia za kusafiri. Dawa ya uchochezi haikuwa kulivisha kabila utaji. Ilikuwa kuliondoa katika nafasi ya mtenda na kuuliza majina ya watu: nani aliitisha mkutano, nani aliagiza, nani alibeba petroli.

Tukio la Kiambaa, karibu na Eldoret, linadhihirisha uzito wa jambo hili. Mnamo tarehe 1 Januari 2008, kanisa ambamo watu walikuwa wamekimbilia usalama, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, liliteketezwa. Mwandishi akiandika kwamba kanisa "liliteketea", amewaweka marehemu hao katika kundi moja na waliofikwa na ajali ya umeme. Akiandika "liliteketezwa", amehifadhi ukweli kwamba palikuwa na mikono. Ni irabu na konsonanti chache tu, lakini ndizo zinazotenganisha msiba na jinai.

Vivyo hivyo, walioondoka makwao waliitwa "wakimbizi wa ndani". Mkimbizi ni aliyekimbia. Nomino hii inamtaja kwa miguu yake mwenyewe. Wengine walisema "waliofurushwa", neno linalokumbusha kwamba yuko aliyefurusha. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2008, ilitoa mwaka wa 2022 orodha ya maneno ya kuepukwa, yakiwemo "madoadoa", "kwekwe" na "mende". Orodha kama hiyo ina manufaa, lakini hunasa matusi tu. Haiwezi kunasa kitenzi chenye adabu kinachomsaidia mkosaji kutoweka.

Mshukiwa, mtoto na aibu ya neno

Mbali na ghasia, upo uhalifu wa kila siku. Kiswahili cha Kenya kina ngazi bayana: "mshukiwa" anayechunguzwa, "mshtakiwa" aliye mbele ya hakimu, na "mfungwa" aliyepatikana na hatia akafungwa. Kila ngazi ina haki zake, na Katiba inamchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe. Hata hivyo, si ajabu kusikia taarifa ikianza kwa "mshukiwa" na kumalizia kwa "jambazi huyo", picha ya mtu aliyefungwa pingu ikiwa ingali kwenye skrini. Kati ya sentensi ya kwanza na ya mwisho, kesi imesikizwa na hukumu imetolewa katika muda wa dakika mbili.

Habari za makosa ya kingono ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 inatofautisha kosa linalotendewa mtoto na lile linalotendewa mtu mzima, na wanahabari wa Kenya wamezoea kutumia "kunajisi" kwa lile la kwanza. Neno hili lina faida ya kubainisha kosa. Lakini mzizi wake ni najisi, yaani uchafu. Anayesema "mtoto aliyenajisiwa" anauweka uchafu kwa mtoto, ilhali aliyechafuka ni mtenda. Fungu "dhuluma za kimapenzi", linalosikika mara nyingi, lina doa jingine: dhuluma hiyo haina mapenzi ndani yake. "Dhuluma za kingono" lina ukweli zaidi. Hakuna neno lisilo na dosari hapa, lakini mwandishi anayejua mzizi wa neno atachagua kwa macho yaliyofumbuliwa.

Kwenye runinga, neno na picha hufanya kazi pamoja, na huweza pia kusalitiana. Uso wa mtoto hufunikwa ukungu kama kanuni zinavyotaka, lakini wakati huohuo kijiji kikatajwa, mama akahojiwa bila kufichwa, na sare ya shule ikaonekana. Mtazamaji wa Mombasa hatamtambua mtoto huyo. Majirani zake watamtambua mara moja, na ni miongoni mwao atakamoishi kesho.

Kasi ya matangazo ya moja kwa moja

Tatizo huongezeka habari inapotangazwa ingali inatokea. Katika matangazo ya moja kwa moja, mhariri hana muda wa kupima kitenzi. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulitoa mfano mzuri. Tume ya uchaguzi iliweka fomu za vituo vya kupigia kura mtandaoni, na vyombo vya habari vikajijumlishia kura za urais. Kwa kuwa kila chombo kilizichukua fomu kwa mpangilio wake, mtazamaji aliyebadilisha stesheni aliweza kuona mgombea tofauti akiwa mbele. Hesabu ya kila mmoja huenda ilikuwa sahihi kwa fomu alizozishughulikia. Kilichokosekana ni sharti ndani ya sentensi. "Anaongoza" ni dai kuhusu nchi nzima. "Anaongoza katika fomu zilizokwisha kujumlishwa hapa" ni dai kuhusu kazi iliyofanywa. Katika nchi yenye kumbukumbu ya mwaka wa 2007, tofauti hiyo si ya wanasarufi pekee.

Serikali kwa upande wake imewahi kuichukua hatari hii kuwa sababu ya kuzima mitambo. Mnamo tarehe 30 Desemba 2007, matangazo ya moja kwa moja yalipigwa marufuku, na marufuku hayo yakadumu zaidi ya mwezi mmoja. Tarehe 30 Januari 2018, mawimbi ya vituo vikuu vya runinga yalikatwa siku ya hafla ya kumwapisha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo visitishe kutangaza maandamano moja kwa moja, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo siku iyo hiyo. Tajriba ya 2007 na 2008 inatosha kuonyesha udhaifu wa njia hii. Runinga ziliponyamazishwa, uvumi haukunyamaza. Ulihamia kwenye ujumbe mfupi wa rununu, ambako hapakuwa na mhariri wala mahali pa kupeleka malalamiko. Uwajibikaji na ukimya ni vitu viwili. Mwanahabari anayewajibika huchagua neno, ilhali aliyezimiwa mitambo hana neno la kuchagua.

Idadi na majina

Msiba uliowagusa wanafunzi wa vyuo kuliko yote ni wa Garissa. Mnamo tarehe 2 Aprili 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Idadi iliyotangazwa mwanzoni ilikuwa 147, na kwa siku kadhaa ndiyo iliyotamkwa katika kila taarifa. Ndipo Wakenya wakaanzisha kampeni mtandaoni wakisisitiza kwamba 147 si idadi tu, wakaanza kuandika majina ya marehemu, kozi walizosomea na ndoto walizokuwa nazo.

Kampeni hiyo ilikuwa ukosoaji wa lugha ya habari uliofanywa na wasio wanahabari. Ilionyesha kwamba picha ya maiti na jina la marehemu ni vitu vinavyopingana. Picha ya maiti humpokonya mtu utu wake mbele ya wasiomjua. Jina na maisha yake humrudishia. Kipaza sauti kinachosogezwa kwenye kinywa cha mzazi aliye nje ya chumba cha maiti, na swali "unahisi vipi?", havileti habari yoyote mpya, kwa kuwa jibu linajulikana na kila aliyewahi kufiwa. Swali "alikuwa mtu wa namna gani?" linaweza kusubiri siku mbili, nalo ndilo litakaloleta habari.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maadili ya habari za runinga hayaishii kwenye sheria na picha, bali yamo katika chaguo dogo linalofanywa kila jioni baina ya "walifariki" na "waliuawa", "liliteketea" na "liliteketezwa", "mshukiwa" na "jambazi". Inapendekezwa basi kwamba idara za Kiswahili vyuoni zishirikiane na vyumba vya habari kuandaa mwongozo wa matumizi ya lugha, utakaoeleza bayana lini mtenda atajwe, lini aachwe wazi, na maneno yapi yanamwaibisha aliyetendewa. Inapendekezwa pia kwamba somo la minyambuliko, ambalo wanafunzi wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani, lifundishwe kwa kutumia taarifa halisi za habari. Wengi wa wahitimu wa Kiswahili huishia kuwa watangazaji, watafsiri na wahariri, na ni wao watakaokuwa zamu siku ambayo nchi itakuwa ikingoja kuambiwa aliyetenda.

Maji yakimwagika hayazoleki, na neno lililokwisha kusomwa saa moja jioni halirudi studioni. Kwa hivyo lipimwe kabla ya kusomwa. Msiba wa mtu hauishi taarifa inapokwisha. Aliyeuawa ana jamaa waliobaki wakitazama runinga ileile, na kitenzi kitakachosomwa ndicho kitakachowaambia iwapo nchi imeona alichotendewa mtu wao.